Jarida linasema limepata faida ya asilimia 187. Nitajuaje kama ni kweli?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, nahudumia wazee kwa zamu za usiku. Kwa miaka minne nimejibana mpaka nikafikisha akiba ya dola 12,000. Tangu mwaka jana napokea barua pepe za jarida moja la ushauri wa hisa. Wanasema mapendekezo yao ya miaka kumi yana wastani wa faida ya asilimia 187, na kwamba kila wakiuza hisa kumi, nane wanaziuza kwa faida. Ada ni dola 1,499 kwa mwaka. Kazini kuna kaka mmoja wa Kenya ameshajiunga. Alinionyesha kwenye simu yake, akaunti imetoka dola 6,000 hadi 9,400 kwa miezi kumi na minne. Mdogo wangu wa Dar naye kasikia, anataka anitumie milioni tano zake nimwekee humo humo. Nitajuaje kama namba hizo ni za kweli kabla sijalipa?"

Dada yangu, pole na zamu za usiku, na hongera kwa hiyo akiba. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Wengi wanaoniandikia huwa wameshalipa.

Unataka kujua kama namba ni za kweli. Nitakujibu, ila kwanza nikutoe kwenye dhana moja, kwamba namba ikiwa ya kweli basi na faida utaipata. Wenye majarida haya wengi hawasemi uongo wa wazi. Asilimia 187 inaweza kuwa sahihi kabisa, imepigwa hesabu bila kukosea, na bado mtu aliyefuata ushauri wao akabaki na fedha pungufu kuliko jirani yake ambaye hakusoma jarida lolote. Rekodi ya jarida ni ya karatasini. Wewe unachotaka kujua ni kingebaki kiasi gani kwenye akaunti yako, baada ya ada, kodi na bei halisi ulizonunulia. Hilo hawajakuambia.

Tuanze na huo wastani. Jarida linalotoa pendekezo moja au mawili kila mwezi, kwa miaka kumi huwa limeshatoa mia moja na zaidi. Tuseme yalikuwa 140. Sasa tuseme moja lilikuwa Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, lililotolewa mwishoni mwa 2014 na halikuuzwa kamwe. Kuanzia hapo hadi mwisho wa 2024 bei ya hisa ya Nvidia iliongezeka zaidi ya mara 260, ambayo ni faida ya asilimia 26,000 hivi. Gawanya 26,000 kwa 140 utapata 186. Maana yake jarida linaweza kukuandikia wastani wa asilimia 186 hata kama mapendekezo mengine yote 139, ukiyajumlisha, hayakuleta hata senti moja.

Sipingi kwamba aliyeichagua Nvidia mwaka 2014 alichagua vizuri. Ninachotaka ujiulize ni kama wewe ungekuwa nayo. Kwa dola 12,000 huwezi kununua hisa 140 tofauti kwa namna yenye maana. Ungechagua kumi. Kama ungeziokota bila mpangilio, uwezekano wa ile moja kuwa kati ya kumi zako ni mmoja kati ya kumi na nne. Halafu ungepaswa kuishikilia mwishoni mwa 2018, ilipopoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya miezi mitatu, na tena mwaka 2022, iliposhuka karibu theluthi mbili kutoka kilele chake. Nimekaa na wateja katika nyakati kama hizo. Mtu mwenye ada ya shule ya mtoto mbele yake huuza, na simlaumu.

Wastani huo una kasoro nyingine, haukuambii muda. Asilimia 187 ndani ya mwaka mmoja ni maajabu. Ndani ya miaka kumi ni kama asilimia 11 kwa mwaka. Na soko lenyewe? Fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ukijumlisha na gawio, ile faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, ilileta kama asilimia 13 kwa mwaka katika miaka kumi iliyoishia 2024. Dola moja ilikuwa zaidi ya tatu. Hiyo ndiyo faida ambayo mtu angeipata kwa kununua mfuko wa kawaida unaofuata fahirisi, yaani unaonunua hisa zote hizo kwa pamoja, wenye gharama ndogo mno, kisha akaenda zake kazini. Kwa hiyo kila ukiona asilimia yoyote, uliza: kwa muda gani, na soko lilileta ngapi katika muda huo huo, pamoja na gawio? Mwaka 2023 soko lilileta asilimia 26, na 2024 asilimia 25. Jarida linalojivunia asilimia 20 kwa mwaka mmojawapo kati ya hiyo limeshindwa, japo tangazo lake litakuwa na mishale ya kijani ikipanda.

Kuhusu hisa nane kati ya kumi kuuzwa kwa faida, chukua kalamu tuandike pamoja. Weka dola 100 kwenye kila hisa. Nane zimepanda asilimia 5 zikauzwa: dola 40 za faida. Mbili zimeanguka asilimia 40: dola 80 za hasara. Umeshinda mara nane, umeshindwa mara mbili, na umepoteza dola 40. Ni rahisi sana kupata rekodi ya namna hii. Uza upesi kila kinachopanda kidogo, na kile kinachoshuka usikiuze. Na ukitazama maneno yao wenyewe, wanahesabu hisa walizouza. Zile zilizooza zimebaki "bado tunazishikilia", hazimo kwenye hesabu. Ukiwaandikia, ulizia hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na jarida ndilo linaloamua siku ya kuanza kuhesabu, bei ya kuhesabia, na rekodi ipi ionyeshwe. Wapo wanaoendesha majarida sita kwa wakati mmoja. Baada ya miaka mitatu, majarida manne yanafungwa kimya kimya, na yale mawili yaliyobahatika ndiyo yanayotangazwa. Upo na mchezo wa zamani zaidi, ambao ni utapeli hasa. Mtu anatuma barua 10,240. Nusu zinasema hisa fulani itapanda wiki hii, nusu zinasema itashuka. Wiki inayofuata anawaandikia wale 5,120 tu waliopata jibu sahihi, anawagawa tena, na tena. Baada ya wiki sita wamebaki watu 160 ambao wameona kwa macho yao mtu akitabiri mara sita mfululizo bila kukosea. Hao ndio wanaoombwa fedha. Kila mmoja wao ataapa kwamba alishuhudia, na ni kweli alishuhudia. Sisemi jarida lako linafanya hivi. Nakuonyesha kwamba hata ushahidi wa macho yako mwenyewe, kwenye jambo hili, una mpaka wake.

Sasa huyo kaka wa kazini. Simfikirii vibaya, lakini muulize swali moja kwa upole: katika hiyo miezi kumi na minne, ameongeza fedha ngapi? Watu wengi hapo Marekani wanalipwa kila wiki mbili. Akiwa anaingiza dola 100 kila mshahara, kwa miezi kumi na minne ameongeza kama dola 3,000. Basi 6,000 imekuwa 9,000 kwa jasho lake, na hisa zimeleta 400.

Kosa hili limewahi kuwakuta watu waaminifu kabisa. Katika mji mdogo wa Beardstown, jimbo la Illinois, kikundi cha akina mama walikuwa wakichanga kila mwezi na kununua hisa pamoja, kama vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Walitangaza kwamba walikuwa wamepata wastani wa asilimia 23.4 kwa mwaka kwa miaka kumi, kuanzia 1984 hadi 1993. Wakaalikwa kwenye televisheni, wakaandika kitabu, kikauzwa sana. Mwaka 1998 wakaguzi wa Price Waterhouse walipopitia hesabu wakakuta faida halisi ilikuwa asilimia 9.1 kwa mwaka, wakati soko katika kipindi hicho lilileta 14.9. Michango ya kila mwezi ilikuwa imehesabiwa kama faida. Kama akina mama waliokuwa wakijiwekea hesabu zao wenyewe walipotea kiasi hicho, rekodi inayoandikwa na anayekuuzia si ya kuachwa bila kukaguliwa.

Umbali kati ya karatasi na mfuko umewahi kupimwa pia. Value Line ni jarida la Marekani linaloheshimika, lililokuwa likizipanga hisa kwa madaraja kila wiki. Mwaka 1988 André Perold wa Harvard alionyesha kwamba hisa za daraja la kwanza, ukizihesabu karatasini, kati ya 1965 na 1986 zililishinda soko kwa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na mfuko wa uwekezaji wenye fedha halisi. Mfuko ule ulilishinda soko kwa asilimia 2.5 tu kwa mwaka. Tofauti ya namna hiyo hupotelea kwenye kununua na kuuza: kamisheni, na bei inayokimbia kabla hujaishika.

Bei kukimbia nimeiona kwa karibu. Nilipokuwa dalali wa hisa Dar es Salaam, mzee mmoja mstaafu alikuja na karatasi aliyoichapisha, ina jina la kampuni na bei ya "kununulia". Nikamfungulia skrini. Hisa ile ilikuwa haijauzwa hata moja kwa siku tisa. Bei aliyoishika mkononi ilikuwa ya mauzo ya mwisho, wiki iliyopita. Waliokuwa tayari kuuza siku ile walitaka juu ya hapo kwa karibu asilimia kumi, na walikuwa wawili tu. Kwa mwandishi wa ile karatasi, rekodi ilikuwa imeshaanza kuhesabu faida kutoka bei ambayo mzee wangu asingeipata. New York hisa kubwa haziko hivyo, unanunua kwa sekunde. Lakini jarida likipendekeza kampuni ndogo, na maelfu ya waliojiunga wakapokea barua asubuhi moja, bei inaruka kabla wewe hujatoka kazini na kulala. Ukiamka saa nane mchana unanunua kutoka kwa waliowahi.

Wakati mwingine waliowahi ni wenye jarida wenyewe. Kwa hiyo tazama kama wanasema wazi wanamiliki hisa wanazozisifia, na kama wamelipwa na kampuni husika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1933 inamtaka anayelipwa kuisifia hisa aseme kwamba amelipwa, na kiasi gani. Aprili 2017 SEC, taasisi ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, iliwachukulia hatua watu na kampuni 27 kwa makala zilizoonekana kuwa uchambuzi huru kumbe zimelipiwa.

Hapo kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwandishi wa jarida la hisa Marekani halazimiki kuwa na leseni ya ushauri wa uwekezaji, mradi anaandikia watu wote kwa jumla na hamshauri mtu mmoja mmoja. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua hivyo mwaka 1985, katika kesi ya Lowe dhidi ya SEC, na Lowe mwenyewe, mwandishi wa jarida, alikuwa ameshafutiwa usajili wa ushauri baada ya kutiwa hatiani. Kwa hiyo maneno "tunafanya kazi kwa mujibu wa sheria" yanaweza kuwa kweli na yasikulinde hata kidogo.

Utaniuliza, je, hakuna kabisa walio wazuri? Wapo waliowahi kulishinda soko kwa muda mrefu. Tatizo ni kuwatambua mapema. Alfred Cowles, tajiri wa Marekani aliyekuwa msomaji wa majarida haya kabla ya anguko la 1929, aliamua kuyapima. Mwaka 1933 alichapisha matokeo. Alipitia mapendekezo kama 7,500 ya makampuni 16 ya ushauri na kukuta kwa wastani yako chini ya soko kwa asilimia 1.4 hivi kwa mwaka. Hata waliofanya vizuri aliwalinganisha na utabiri wa kuchanganya karata na kuchomoa, akaona hawazidi bahati. Miaka sitini baadaye watafiti John Graham na Campbell Harvey walichambua majarida 237 ya kati ya 1980 na 1992, nao hawakupata dalili kwamba waandishi wanajua lini soko litapanda na lini litashuka.

Mark Hulbert ndiye aliyeifanya kazi ya kukagua majarida kuwa ya maisha, kuanzia 1980; jarida lake la ukaguzi lilifungwa mwaka 2016. Alikuwa anahesabu kama msomaji wa kawaida, kwa bei ambazo msomaji angezipata baada ya ushauri kumfikia. Wachache ndio walioshinda soko. Na aliandika mara nyingi kwamba kumfuata kila mwaka bingwa wa mwaka uliotangulia ni njia ya hasara, kwa kuwa anayekuwa wa kwanza ndani ya miezi kumi na miwili kwa kawaida ni yule aliyecheza kwa hatari kubwa kuliko wote. Mfikirie Joe Granville, mwandishi wa jarida la hisa la Marekani. Januari 1981 aliwatumia wasomaji wake ujumbe wa usiku, uzeni kila kitu. Kesho yake soko la New York lilishuka kwa mauzo yaliyovunja rekodi. Akawa maarufu kuliko mwandishi yeyote wa hisa. Agosti 1982 soko likaanza kupanda safari ndefu, na yeye bado alikuwa anawaambia watu litaanguka.

Bahati ni ngumu kuitenga na ujuzi kuliko tunavyodhani. Majarida 200 yakirusha shilingi kila mwaka, baada ya miaka mitano kama sita yatakuwa yamepata upande sahihi kila mwaka, bila kujua lolote. Ndiyo maana mimi siitumii rekodi kumthibitisha mtu kuwa ni mjuzi. Naitumia kumkataa. Rekodi nzuri ya miaka mitano haithibitishi kitu kikubwa, lakini rekodi iliyofichwa inathibitisha mengi.

Kwa hiyo waandikie. Waombe orodha ya mapendekezo yote tangu siku ya kwanza, yaliyouzwa na ambayo hayajauzwa, kila moja na tarehe ya barua ilipotumwa. Waulize ni nani wa nje aliyekagua, na kama wana akaunti yenye fedha halisi inayofuata ushauri wao wenyewe. Waulize kama sehemu yoyote ya ile miaka kumi ni ya "kama tungekuwepo", yaani mbinu iliyoundwa leo na kujaribiwa kwenye bei za zamani. Hiyo haina uzito wowote, maana aliyeiunda alikuwa ameshaona majibu. Wakikutumia orodha kamili, chagua mapendekezo ishirini mfululizo, usichague mazuri, ukaangalie bei ya siku iliyofuata baada ya kila barua. Ni kazi ya jioni mbili. Wakikujibu kwa tangazo jingine na punguzo la bei linaloisha saa sita usiku, jibu umeshalipata.

Lakini kwa upande wako nadhani hata hatuhitaji kufika huko. Ukilipa dola 1,499 kutoka kwenye 12,000, zinazobaki kufanya kazi ni 10,501. Tuseme soko limeleta asilimia 10 mwaka huo. Mwenzako aliyeweka 12,000 zote kwenye mfuko wa fahirisi ana karibu 13,200. Wewe, ili ufike hapo alipo, unahitaji karibu asilimia 26, na mwaka unaofuata ada inarudi. Mwenye dola laki tano ada hiyo haimuumizi. Kwako ni sawa na kuanza mbio ukiwa umebeba gunia. Ningekuwa wewe, nisingejiunga. Ukipenda kujifunza jinsi kampuni zinavyochambuliwa, ambalo ni jambo jema, yapo majarida ya bei ndogo unayoweza kuyasoma kama darasa.

Kuna mambo sitaki uyaamue kwa barua yangu peke yake. Kama una deni la kadi ya benki, kama mwajiri wako ana mpango wa kustaafu ambao anakuchangia, au kama hizo 12,000 ndizo fedha zako zote za dharura, kaa ana kwa ana na mshauri anayelipwa na wewe tu, asiyekula kamisheni kwa kukuuzia bidhaa, na anayewajibika kisheria kuweka maslahi yako mbele. Kabla ya kumwona, tafuta jina lake kwenye tovuti ya SEC ya washauri waliosajiliwa, ni bure. Na kama huyo kaka wa kazini ameanza kukopa ili aongeze hisa, au fedha zake zimekwama na haruhusiwi kuzitoa, msindikize akatoe taarifa SEC mapema, asione aibu.

Za mdogo wako usizipokee. Zikiingia kwenye akaunti yako, kodi ya faida inaandikwa kwa jina lako, na hasara ikitokea inaandikwa kwenye undugu wenu. Mwambie aende kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Tanzania, hapo hapo Dar, au aulize kuhusu mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Milioni tano zinatosha kuanzia huko, na ataisoma taarifa yake mwenyewe kila akitaka.